Mtoto anataka kusoma kompyuta? Uliza haya kabla ya kulipa ada

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, nyumba nyingi za Tunduma hukaa kikao. Baba anataka kijana aingie mpakani, maana malori hayaishi na hela ipo. Kijana anasema, "Baba, mimi nataka kusoma kompyuta." Mama yuko katikati, na hela ya mahindi aliyouza inatosha uamuzi mmoja tu.

Kwanza mzazi ajue ni kompyuta ipi. Kozi ya miezi mitatu ya kuchapa barua inamfaa karani wa steshenari, lakini si fani. Fani yenyewe husomwa kwa ngazi: ya nne na ya tano ni astashahada, ya sita ni stashahada, yaani diploma. Kutoka kidato cha nne ni miaka mitatu, na kwa kawaida mwombaji awe na ufaulu wa angalau D nne za masomo yasiyo ya dini. Si lazima kwenda Dar. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) kipo mwendo wa kilomita mia na kidogo, na kinafundisha stashahada za kompyuta.

Panapoumiza ni kwenye uchaguzi wa chuo. Bango lenye picha ya kompyuta si usajili. Mzazi aulize kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, kisha aulize tena kama kozi hiyo yenyewe imeidhinishwa, kwa sababu hayo ni mambo mawili tofauti. Tovuti ya baraza hilo inafunguka hata kwenye simu. Hasara haionekani mwaka wa kwanza. Inaonekana siku kijana anapotaka kuendelea na digrii, kwani mwenye stashahada huombwa namba ya uhakiki, AVN, inayotolewa na NACTVET. Matokeo yasiyokuwa kwenye kumbukumbu za baraza hayapati namba, na ada ya miaka mitatu ndiyo imekwenda.

Na kazi je? Ukweli usemwe: nafasi ya ofisa TEHAMA serikalini hutaka digrii. Stashahada hufungua nafasi za ufundi, nako waombaji ni wengi. Kwa hiyo baba wa mpakani hakukosea sana, ila alikuwa anaona malori tu. Kituo cha huduma za pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019, na nyaraka za mzigo siku hizi wakala wa forodha huzituma kwenye mfumo wa TRA. Kijana mwenye stashahada ya kompyuta akiongeza cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, kinachofundishwa na Chuo cha Kodi, anaweza kubisha hodi kwenye ofisi za uwakala akiwa na kitu ambacho mwenzake wa kompyuta tupu hana. Wengine hufunga kamera madukani au kuvuta intaneti kwenye nyumba za wageni. Hiyo nayo ni kazi, wala si ya kudharau.

Siku ya kwenda kukiona chuo, mzazi aombe kuingia maabara ahesabu kompyuta zinazowaka, si zilizopangwa mezani. Kijana awepo, na hela ya mahindi ibaki nyumbani kwanza.