CV Moja kwa Makampuni Mia Si Maombi ya Kazi

Vijana wanaomaliza chuo nchini Tanzania hupewa ushauri uleule na karibu kila mtu: tuma CV kwa wengi, hatakosekana mmoja wa kujibu. Kwenye makundi ya WhatsApp husambazwa orodha ndefu za barua pepe za makampuni. Mhitimu huzibandika zote kwa mkupuo, akatuma, akaanza kusubiri simu. Ushauri huo ni mbovu, na anayeumia nao zaidi ni yule asiye na mjomba ofisini.

Tazama kinachomfikia ofisa ajira. Sehemu ya mada haina neno. Juu zimejipanga anwani za makampuni mengine, kwa kuwa mwombaji hakujua kuzificha, na kila mpokeaji anaona wazi kwamba hakuandikiwa yeye. Ndani hakuna salamu wala jina la nafasi inayoombwa. Kipo kiambatisho kiitwacho “CV mpya final 2”, na vyeti vilivyopigwa picha kwa simu, kimoja kimelala ubavu. Ofisa hajui kama huyu anataka uhasibu au udereva. Anaipita.

Wengine hata hawatumi wenyewe. CV huchapwa steshenari, kwa mpangilio uleule waliochapiwa wateja waliotangulia, kisha hutumwa kwa anwani ya mwenye duka. Hapo hata bahati ikija haimkuti mhusika: mwaliko wa usaili unamfikia mtu aliyekwisha kumsahau.

Serikalini ndiko ushauri huu usikofaa kabisa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaka maombi yapitie mfumo wa mtandaoni wa Ajira Portal, na husema wazi kwamba yatakayoletwa nje ya utaratibu huo hayatafikiriwa. Hutaka barua iliyosainiwa, CV yenye wadhamini watatu na vyeti vyenyewe. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi. Mhitimu anayemwaga barua pepe huku na kule, ilhali akaunti yake kwenye mfumo huo haijakamilika, hajaomba kazi hata moja ya huko.

Ipo pia hatari. CV ina simu, tarehe ya kuzaliwa, makazi, pengine na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haimrudishii mtu alichokigawa mwenyewe kwa anwani asizozijua. Tapeli akiipata, atapiga simu akitaja chuo na kozi, kisha ataomba “hela ya fomu”.

Watasema: bila kujuana hupati hata ukiandika vizuri. Kujuana kupo, na ni dhuluma. Lakini asiyejulikana ndiye hasa anayehitaji barua inayoweza kumtetea yenyewe, na barua hiyo haidai ufundi mkubwa. Kwenye mada aandike nafasi anayoomba, namba ya kumbukumbu ya tangazo kama ipo, na jina lake. Ndani zinatosha aya mbili: alichosomea, na kazi moja aliyowahi kuifanya kweli.

Hapo kwenye kazi ndipo wengi hukwama. Kwa kuwa hawajawahi kupokea mshahara, hujihesabu hawana uzoefu, wakaujaza ukurasa kwa “mchapakazi” na “mwaminifu”, maneno ambayo kila mwombaji anayo. Binti aliyetunza daftari la kikoba cha mama yake, akarekodi hisa na mikopo ya wanachama wote, na mwisho wa mwaka fedha zikagawanywa bila ugomvi, amefanya kazi ya uhasibu. Aiandike, na ataje idadi ya wanachama.

Vyuo vifundishe hili kabla ya mahafali. Na kaka na dada mlioko kazini, kabla ya kumtumia mdogo wenu orodha nyingine ya anwani, kaeni naye msome tangazo moja la kazi hadi mstari wa mwisho, kisha mwandike barua moja ya kulijibu.