Fyuzi ya Feni Inayoungua Kila Mara

Wako wenye magari ambao, fyuzi ya feni ya hita ikiungua mara ya pili, huenda dukani wakanunua iliyo kubwa zaidi, na huiona hiyo kuwa ni akili. Lau wangalijua kazi ya kitu kile kidogo, wasingalithubutu. Fyuzi ni bawabu wa waya. Imepimwa iyeyuke kabla waya haujashika moto. Ukiweka ya ampea 30 mahali pa ampea 20, au ukaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kama wafanyavyo baadhi ya mafundi wa njiani, umemfukuza bawabu. Sasa utakaoungua ni waya, nao umepita nyuma ya dashibodi, baina ya plastiki na sponji, mbele ya magoti ya mkeo.

Labda mtu wa pwani atauliza, hita ya nini? Na amwulize mkaaji wa Njombe au Limuru, asubuhi ya mwezi wa Julai, pumzi za watu watano zinapokifunika kioo cha mbele kwa ukungu na barabara ina kona. Tena feni hiyo hiyo ndiyo ipulizayo hewa ya baridi, kwa hiyo mtu wa Tanga naye yamhusu.

Basi kwanza itazame saa ya kuungua. Ikikatika papo hapo ufunguo unapowashwa au swichi inapoguswa, dhana ielekee kwenye shoti, yaani waya uliochubuka ukagusa bodi. Ikidumu dakika kumi ndipo ikatike, na hasa ikiwa hukatika feni inapowekwa mwendo wa mwisho, mshitakiwa ni mota. Katika magari mengi umeme wa mwendo wa chini hupitia rezista, ambayo huupunguza. Mwendo wa juu huupeleka wote. Ndiyo maana mota mbovu huweza kujificha miezi kadha wa kadha kwa mtu apendaye upepo mdogo.

Mota huharibika vipi? Mafuta ya bushi zake hukauka, ikaanza kulia kama ndege. Au majani makavu huingia kwa tundu la hewa lililo chini ya kioo, yakalala katika mapanga yake. Na panya nao hupenda kujenga humo. Mota izuiwayo kuzunguka huvuta umeme kupita kipimo chake, na iliyokwama kabisa huvuta kuliko zote.

Kupambanua ni kazi nyepesi. Chomoa plagi ya mota, ambayo mara nyingi iko nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. (Plagi za rangi ya manjano usiziguse, aghalabu ni za mifuko ya hewa ya ajali.) Tia fyuzi mpya ya kipimo kilichoandikwa katika kifuniko cha sanduku lake, kisha washa. Ikisalimika, ivue mota uizungushe kwa kidole, nawe utajua kama ni nzito au ina takataka. Ikiungua na hali mota haimo, usinunue mota. Ufuate waya.

Hapa mafundi wazee wana hila nzuri, nayo huokoa fyuzi nyingi. Huunga globu ya taa kubwa mahali pa fyuzi. Katika gari la volti 12, globu ya wati 55 haipitishi zaidi ya ampea 5 hivi. Mota ikiwa imechomolewa na shoti ingalipo, globu huwaka kwa nguvu. Kisha waya hutikiswa kipande kwa kipande, na globu ikizimika, hapo ndipo penye jeraha. Mara nyingi ni pale waya unapopenya bati bila ya mpira wake, au palipofungwa redio baada ya gari kutoka kiwandani.

Tena fyuzi yenyewe isitupwe kabla ya kutazamwa. Ikiwa plastiki yake imeyeyuka miguuni na hali utepe wa ndani ni mzima, mota haina kosa: ni soketi iliyolegea, ikapata joto. Hiyo hubadilishwa pamoja na ncha za waya zilizogeuka rangi, maana kuibana kwa koleo hakudumu.