TAHARIRI: MKUTANO NI WA WANACHAMA

Ndugu wanachama wa Dimani,

Jumamosi tuliitisha mkutano bila ajenda ya kamati. Ajenda mlitoa wenyewe, sisi tukawa wa kuandika tu. Mwanzo kimya, watu wanatazamana. Tulitaka kuhutubia kama kawaida yetu, tukajizuia. Ndipo mama mmoja akasimama: “Makato ya korosho kwa kila kilo yanakwenda wapi?” Hapo mkutano ukachemka, na jibu hatukuwa nalo.

Tunakiri, swali lilikuwepo siku zote; nafasi ndiyo haikuwepo. Sheria ya Ushirika Na. 6 ya 2013 imeupa mkutano mkuu mamlaka ya juu. Basi hesabu ya makato tutaibandika hapa kabla ya Ijumaa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye swali asilale nalo!