Jina Kabla ya Dawa: Kiswahili na Saratani ya Ngozi

Mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili aghalabu huishia katika kumbi za mihadhara, kana kwamba neno likishachapishwa katika kamusi kazi imekwisha. Makala hii inashikilia kuwa istilahi ya tiba haina budi kupimwa kwa mgonjwa anayeisikia. Mfano mwafaka ni dawa za kupaka zinazoamshwa kwa mwanga, ambazo hutibu ngozi iliyo katika hatari ya kupata saratani. Dawa hizo hufaa ugonjwa ukiwa ungali juu juu, na hatua hiyo ndiyo ambayo Kiswahili cha kila siku hakijaipa jina.

Chimbuko la tiba hii ni mwaka 1900, jijini Munich, Ujerumani. Mwanafunzi Oscar Raab, akiongozwa na Profesa Hermann von Tappeiner, aligundua kwamba vijidudu vilivyotiwa katika rangi ya akridini vilikufa upesi zaidi vilipopata mwanga. Miongo mingi baadaye, mwaka 1999, asidi ya aminolevuliniki iliidhinishwa nchini Marekani. Dawa hii hupakwa juu ya baka, na seli zilizoharibika huigeuza kuwa porfirini, kemikali inayonasa mwanga. Baka linapomulikwa kwa taa ya buluu au nyekundu, porfirini huichochea oksijeni iliyomo ndani ya seli hizo, nazo zikafa. Hata hivyo, mwanga haupenyi mbali. Saratani iliyokwisha kuzama ndani ya ngozi huhitaji upasuaji au mionzi.

Suala hili lina uzito mkubwa mahali kama Kyuso, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui. Hiyo ni nchi kame yenye jua kali, ambapo watu hulima mtama, mawele na pojo, na kuchunga mbuzi. Kwa mkazi mwenye ualbino, ambaye ngozi yake ina upungufu wa melanini ya kumkinga, kila msimu wa palizi ni hatari. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likiwagawia mafuta ya kujikinga na jua, na jina la mafuta hayo halihitaji mkalimani.

Hali ni tofauti ngozi inapoanza kuharibika. Ishara ya kwanza aghalabu ni baka dogo, kavu, lenye magamba, linalokwaruza kama msasa mkono unapolipitia. Jina lake la kitaalamu limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mwale na pembe. Jina hilo likitamkwa katika zahanati ya kijijini halimwambii mgonjwa lolote. Mhudumu hubakiwa na njia mbili. Akisema "saratani", mgonjwa husikia hukumu ya kifo na pengine asirudi tena. Akisema "ngozi imekauka tu", mgonjwa hutulia hadi baka ligeuke donda. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ni vigumu kumhimiza mtu azibe ufa asioweza kuutaja.

Majina yanayoweza kupendekezwa si haba. "Saratani changa" halifai, kwa kuwa baka hilo bado si saratani. "Kabla-saratani" ni tafsiri sisisi, tena linabeba hofu ile ile. "Baka la jua" linaelekea kufaa zaidi: linataja kinachoonekana pamoja na chanzo chake, na linaruhusu sentensi nyepesi kama "baka la jua lisipotibiwa huweza kuzaa saratani".

Jina la tiba yenyewe linahitaji hadhari zaidi. Mwanaisimu atavutiwa na "tibamwanga", kwa mfano wa tibakemikali na tibamionzi. Neno hilo limeundwa vyema, lakini limeificha dawa. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwanga unatibu anaweza kumwacha mwanawe juani, ilhali jua ndilo lililoleta baka. Hatari hiyo si ya kubuni, kwani ipo njia ambayo mgonjwa, baada ya kupakwa dawa pamoja na kinga ya jua, huketi nje mchana kwa takriban saa mbili kwa maelekezo ya daktari. "Tiba ya dawa na mwanga" ni jina refu, lakini halipotoshi. Isitoshe, Kikamba, ambacho ndicho lugha ya nyumbani huko Kyuso, hutenganisha syua na kyeni kama Kiswahili kinavyotenganisha jua na mwanga. Tofauti hiyo, ambayo msikilizaji tayari anayo, ndiyo ya kujengewa maelezo.

Huenda ikapingwa kwamba maneno hayaponyi, na kwamba Kyuso inahitaji madaktari wa ngozi kabla ya istilahi. Hoja hiyo ina ukweli, ila inasahau kwamba mabaka hayo hutibiwa pia kwa kugandishwa kwa baridi kali na kwa krimu nyinginezo, na kwamba njia zote hizo humngoja mgonjwa afike mapema. Daktari atakayeletwa leo atahitaji neno la kumwitia mgonjwa leo.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Msingi, basi, upo. Kinachotakiwa ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuyapeleka mapendekezo yao zahanatini, wakaketi na wauguzi na watu wenye ualbino, na kusikiliza ni neno lipi linamfanya mtu aonyeshe baka lake badala ya kulificha. Neno litakaloshindwa huko liachwe, hata kama limepigiwa makofi katika kongamano.