Aliyezaliwa Dar, na Waliolala Igoma

Nilipotea kidogo. BTP huku Magu inanimaliza, madaftari ya kidato cha pili yamejaa mezani. Leo yatasubiri.

Mnamjua David Adjaye? Nilipomtaja ofisi ya walimu wakadhani mchezaji mpira. Ni msanifu majengo, kazaliwa Dar es Salaam 1966, baba yake akiwa mwanadiplomasia wa Ghana. Ndiye kiongozi wa usanifu wa lile jumba la makumbusho ya Wamarekani weusi pale Washington, lililofunguliwa Septemba 2016. Lina ngazi tatu zinazopanuka kwenda juu kama taji, umbo lililotoka kwenye nguzo za kuchonga za Wayoruba. Nakshi zinazolizunguka zinakumbusha kazi za chuma za mafundi weusi wa New Orleans enzi za utumwa. Unaanzia chini ya ardhi, kwenye utumwa wenyewe, halafu unapanda.

Mwaka 2017 akapewa Usir Uingereza, na yeye na Ron Arad wakashinda shindano la kujenga kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, London. Halafu Julai 2023 gazeti la Financial Times likaandika tuhuma za wanawake watatu waliowahi kumfanyia kazi. Alikanusha, ila akajiweka kando na mradi ule wa London.

Rafiki yangu wa chumbani anasema basi, tusimtaje tena. Mimi nasema hao kinamama wasikilizwe kabisa, lakini lile jumba si lake. Ni la wale ambao habari zao zimo ndani. Msanifu ni fundi tu jamani, anaondoka.

Kinachonikera ni kingine. Daladala ya Mwanza kuja huku inapita Igoma, walipozikwa watu wa MV Bukoba, ile meli iliyozama 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza. Bibi yangu ana kaka yake pale. Kaburi lipi, hajui, maana wengi walizikwa bila kutambuliwa. Akifika anachagua kaburi lolote, anang'oa majani, anakaa. Mwaka jana nilimuuliza kwa nini lile. Akasema, "Na huyu ana dada yake mahali."

Sasa mtu ataniambia tutafute msanifu mkubwa. Wa nini? Kisesa hapo, Bujora, lipo jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoanzisha Padri David Clement kutoka Kanada. Ubunifu tunao. Tunachokosa ni majina. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa, wa daraja la tatu hapana. Kwa hiyo hata ukijenga ukuta wa majina leo, maskini ndio watakaokosekana. Kaka yake bibi alikuwa daraja la tatu.

Ndiyo maana nawaambia walimu wenzangu wa Historia, acheni kidogo kukaririsha mikataba ya Berlin. Waambieni watoto wakaulize nyumbani: nani wenu alikuwa kwenye ile meli?

Mimi nimeanza wiki iliyopita. Hadi leo wameleta majina kumi na moja. Mawili hayana la baba, mmoja ameandikwa "mama muuza ndizi" tu. Nimemwandika hivyo hivyo.