Ukucha Hautibiwi Peke Yake

Katika milima ya Ugweno, wilayani Mwanga, maji ni sehemu ya kazi. Mvua na ukungu hulowesha migomba na mibuni, na mkulima anayefungulia maji ya mfereji hushinda miguu yake ikiwa topeni au ndani ya gambuti. Ndani ya gambuti mna joto, unyevu na giza, mambo matatu ayapendayo fangasi wa kucha. Ukucha hugeuka rangi ukawa wa njano au kahawia, hunenepa, hufikichika, na mwishowe huachana na nyama iliyo chini yake.

Desturi iliyoenea ni kuutibu ukucha huo kana kwamba haukuota kwenye mguu, mguu hauvai kiatu, na mwenye kiatu haishi na watu. Ndiyo maana ugonjwa hurudi, na mgonjwa huamini kwamba dawa ilikuwa bandia au kwamba amerogwa.

Kosa la kwanza hutokea kabla ya dawa. Takriban nusu tu ya kucha zilizoharibika huwa na fangasi. Nyingine huharibiwa na soriasisi, funza, kujikwaa au kubanwa na kiatu. Hadubini ile ile inayosoma malaria na makohozi yaweza kusoma ukwanguo wa ukucha uliolainishwa kwa haidroksidi ya potasiamu, ikiwa msomaji amefundishwa. Kuandika dawa ya miezi mitatu kwa kutazama tu ni kumtwika mgonjwa gharama na hatari bila uhakika.

Fangasi akithibitishwa, kwa mtu mzima tebinafini ya miligramu 250 hunywewa mara moja kwa siku: wiki 6 kwa kucha za mikono, wiki 12 kwa kucha za miguu. Kwanza aulizwe kuhusu maradhi ya ini, na ini lipimwe. Itrakonazoli haimfai mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi, na rifampisini ya kifua kikuu huipunguza nguvu. Dawa za kupaka kwa kawaida haziupenyi vya kutosha ukucha ulionenepa.

Kosa la pili ni kunyamaza. Ukucha wa mguu hukua milimita moja hadi mbili tu kwa mwezi. Sehemu iliyoharibika haigeuki kuwa nzima. Husukumwa mbele na ukucha mpya, safari inayochukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Asiyeelezwa hivyo humaliza vidonge, hutazama kidole, huona ukucha ule ule, na hukata tamaa au hununua dozi nyingine dukani.

Kosa la tatu ni kusahau kiatu na jamaa. Fangasi wa ngozi katikati ya vidole, asipotibiwa kwa krimu, huurudia ukucha. Hujificha pia katika soksi, katika viatu, na katika mkasi wa kucha unaozungushwa nyumba nzima au unaotumiwa na mpaka rangi kwa miguu ya wateja wengi.

Wapo watakaosema kwamba mkulima hana uwezo wa kununua jozi mbili za gambuti. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haimwondolei mtoa huduma wajibu wa kushauri yanayowezekana: kukausha miguu kwa kitambaa, hasa katikati ya vidole, kuvaa kandambili baada ya kazi, kubadilisha soksi kila siku, kuanika gambuti ndani yake kukitazama jua, kila mtu kuwa na kifaa chake cha kukatia kucha, na wote wenye fangasi nyumbani kutibiwa pamoja.

Kwa mwenye kisukari jambo hili si la urembo. Ukucha mnene huibana na kuichana ngozi isiyohisi maumivu, bakteria hupata mlango, na kidonda kidogo chaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Tangu 1992 kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichopo KCMC Moshi, kimekuwa kikiwaandaa wataalamu. Elimu hiyo haina budi kufika hadi zahanati ya mlimani.

Inaanza kwa jambo dogo: mgonjwa avuliwe viatu, vidole vyote vitazamwe, aulizwe nani mwingine nyumbani anajikuna, na aelezwe mwezi atakaotarajia kuuona ukucha mpya. Asiye na muda wa maswali hayo atakutana na mgonjwa yule yule mwakani.