Maji, Njia na Kivuli



Mwezi huu tumeona tuzungumze na vijana wetu, na wazee wao wakisikiliza, juu ya jambo ambalo wengi huliona kuwa dogo, nalo ni matembezi ya baiskeli.

Mpwa wangu mmoja wa hapa Morogoro, kijana wa miaka 15, alinijia jioni moja baada ya sala ya magharibi. Alinipa shikamoo, akakaa kimya, nami nikajua kuwa lipo jambo. Kisha akasema: "Mjomba, mama amekataa nisiende Mindu na wenzangu wa chuoni siku ya Jumapili. Lakini amesema ukikubali wewe, naye atakubali."

Dada yangu alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, barabara ya Iringa ina malori. Ya pili, kupanda baiskeli pasipo kwenda dukani wala shambani ni upuuzi, na heri mtoto akae adurusu Qur'ani yake. Katika dasturi za Waluguru neno la mjomba kwa mtoto wa dada yake si neno jepesi; basi sikutaka kulitoa ovyo.

Nilianza na hoja ya pili. Dini yetu haikuharamisha kila mchezo. Mtume wetu (s.a.w.) aliwashindanisha farasi huko Madina, akawawekea walionolewa masafa marefu na wasionolewa masafa mafupi. Na yeye mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.). Mwili ni amana, na mchezo unaoutia nguvu, usio na kamari ndani yake wala usiopoteza sala, ni halali. Na mwenye kuutia nia njema hupata na thawabu. Ama hoja ya malori, hiyo dada yangu alisema kweli. Kwa hiyo nilimjibu kijana: "Mtakwenda, lakini nitakwenda nanyi."

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, vijana watano na mimi wa sita. Wao walikuwa na baiskeli za kupandia milima, zenye matairi mapana ya meno na gia nyingi. Mimi nilikuwa na baiskeli yangu kuukuu ya kubebea magunia. Kwanza tulizijaribu breki na kuzipima pumzi za matairi, kisha kila mmoja akasoma dua ya kupanda kipando, ile tuliyofundishwa katika Suratu Zukhruf. Vijana walitabasamu, kwani hawakudhani kuwa baiskeli nayo ni kipando. Nikawaambia: chuma hiki pia hatukukitiisha kwa nguvu zetu wenyewe.

Kutoka Msamvu tulikwenda mmoja nyuma ya mwingine, pembeni kabisa kwa upande wa kushoto, na haikupata saa moja tukaliona bwawa. Bwawa la Mindu si ziwa la asili. Ni mto Ngerengere uliozuiwa kwa ukuta, baina ya milima ya Uluguru na mlima wa Mindu, ili watu wa mji wapate maji. Tuliiacha lami tukaingia njia ya miguu ipitayo miongoni mwa miti. Njia yenyewe ni nyepesi. Hapana mwinuko wa kumchosha mtoto, ila mizizi iliyotokeza na mchanga hapa na pale. Upande mmoja maji yalikuwa yaking'aa, na juu yetu Uluguru imejifunika mawingu yake. Tumeamrishwa tuitazame milima namna ilivyosimamishwa, nasi tunaoishi chini yake ndio wepesi wa kusahau kuitazama.

Njiani tuliwakuta wavuvi na akina mama wenye kuni vichwani. Hapo niliwakumbusha vijana haki za njia alizotufundisha Mtume (s.a.w.): kuinamisha macho, kuacha kuudhi watu, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Mwenye baiskeli hushuka au husimama kando mpaka mwenye mzigo apite. Na tulipokuta tawi la miiba katikati ya njia, mpwa wangu alishuka akaliondoa bila ya kuambiwa, jambo ambalo ni katika matawi ya imani.

Ilipokuwa yapata saa nne jua likawa kali, tukapumzika chini ya mti mkubwa. Mmoja wa vijana akatelemka mpaka ukingoni mwa maji ili akojoe, na wengine wawili wakaanza kuvua mashati wakitaka kuoga. Niliwaita wote warudi. Nikawauliza: "Hapa tulipo pana nini?" Wakajibu: "Pana maji, mjomba." Nikasema: "Na nini tena?" Wakasema: "Pana njia na kivuli."

Basi hayo ndiyo mahali patatu. Mtume (s.a.w.) ametuonya tusiende haja mahali patatu panapomletea mtendaji laana za watu: penye maji wanayoyaendea watu, katikati ya njia, na katika kivuli. Na katika Hadithi nyingine amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Vijana wetu husoma maneno haya chuoni katika mlango wa tohara, wakadhani ni khabari za jangwani za zamani. Lakini siku ile mahali pote patatu palikuwa mbele ya macho yetu, hatua chache baina ya kimoja na chenziwe.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi elimu ya tiba ilivyokuja kutufafanulia. Mwaka 1851, mjini Cairo, tabibu wa Kijerumani Theodor Bilharz alimwona mdudu wa maradhi ya kichocho. Mwaka 1915, huko huko Misri, Robert Leiper alibainisha njia anayoipita: mgonjwa akikojoa majini hutoa mayai, mayai huangua, na vijidudu vyake huingia katika konokono wa maji, baada ya majuma kadhaa hutoka humo vijidudu vingine visivyoonekana kwa macho, khasa wakati wa jua la mchana, vikapenya ngozi ya mwenye kuoga, kuvua au kufua. Konokono peke yake hana madhara. Anayemtia sumu ni mwanadamu asiyejizuia. Watu wote wangejizuia kwenda haja majini, mzunguko huu ungekatika.

Nilipokwisha kusema haya tukanyamaza kidogo. Wakati wa kurudi kijana mmoja akajitia kubaki nyuma karibu nami. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwa muda wa miezi akikojoa huona damu mwishoni mwa mkojo, na hakumwambia mtu, kwani aliona haya, na mwenziwe alimwambia kuwa ni dalili ya kubalehe. Sikumkemea. Nilimwambia kuwa haya ni katika imani, lakini haya inayoficha ugonjwa siyo ile tuliyoamrishwa. Kesho yake alikwenda na baba yake kupimwa mkojo. Ikaonekana ni kichocho, akapewa vidonge vya prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wake. Kichocho kikiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, na huweza kuleta hata saratani ya kibofu.

Basi, wazee, msiwafungie watoto majumbani kwa khofu, fuataneni nao. Kama nisingekwenda Mindu siku ile, kijana yule angaliendelea kunyamaza. Na waulizeni wana wenu khabari ya miili yao kwa upole, kama mnavyowauliza khabari ya masomo.

Nanyi vijana, pandeni baiskeli zenu mkaizunguke nchi ya Mola wenu. Chukueni maji ya kunywa na ya kutawadhia kutoka nyumbani, wala msioge katika maji yaliyotuama. Mkishikwa na haja, nendeni mbali na maji, mbali na njia na mbali na kivuli, mchimbe na mfukie. Takataka zenu rudini nazo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu au zenye kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Lakini Mwislamu hangojei askari amwambie.

Maji ya Mindu ndiyo yanayofika katika mabirika ya nyumba nyingi za Morogoro, na kwayo watu hutawadha. Na yanayopita ukuta hufuata Ngerengere mpaka mto Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Anayeyachafua hapa huwadhulumu watu asiowajua, na mwenye kuyahifadhi huwafanyia wema watu wasiomjua. Wema wa namna hii ni sadaka ya siri.

Wabillahi taufiki.